Tuhesabu Nini Tunapowahesabu Wanawake Hadithini

Hotuba kwa waandishi chipukizi wa miswada ya filamu na tamthilia, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mbele, na ninyi waandishi mliokuja na miswada yenu kwapani: wanaostahili shikamoo, shikamooni, wengine, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni wanawake katika hadithi na filamu. Kwetu mada hii kila mtu ana maoni juu yake, mwenye hesabu haonekani. Mmoja atasema filamu zetu zinawadhalilisha wanawake, mwingine atamjibu mbona kila bango lina sura ya mwanamke, na wote wawili watatoka ukumbini kama walivyoingia. Kazi yangu mimi ni kusoma miswada kabla haijapigwa picha. Kwa hiyo leo tushike penseli. Ila kabla ya kuhesabu, tuelewane kwanza tunahesabu nini, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Kipimo kinachojulikana kuliko vyote kilizaliwa kwenye katuni. Mwaka 1985 mchoraji wa Marekani, Alison Bechdel, alichora kisa kifupi cha wanawake wawili wanaozunguka mjini wakitafuta sinema ya kutazama. Mmoja anasema yeye haingii sinema mpaka itimize masharti matatu: iwe na wanawake wasiopungua wawili, wawili hao wazungumze wao kwa wao, na wazungumze jambo lisilokuwa la mwanamume. Halafu anaongeza kwamba filamu ya mwisho aliyoweza kuiona ni Alien, kwa kuwa wanawake wawili waliomo wanaongea habari za lile dubwana. Alien ilitoka 1979. Piga hesabu mwenyewe bibi huyu alikaa miaka mingapi bila sinema.

Ulikuwa mzaha, na Bechdel hakuwahi kujidai amegundua kitu. Alisema wazo alilipata kwa rafiki yake, Liz Wallace, na kwamba mzizi wake huenda unafika kwa mwandishi wa Uingereza, Virginia Woolf. Woolf naye alikuwa akitoa hotuba, kama mimi leo: Oktoba 1928 alizungumza na wanafunzi wa vyuo vya wanawake huko Cambridge, na mwaka uliofuata maneno yale yakawa kitabu, A Room of One's Own. Humo anajifanya amefungua riwaya mpya akakuta Chloe anampenda Olivia, na wawili hao wana maabara yao wanafanya kazi pamoja. Anashtuka. Katika vitabu vyote alivyokwisha kusoma, wanawake wameonyeshwa karibu kila mara kwa jinsi wanavyohusiana na wanaume: mke wa huyu, binti wa yule, mpenzi wa fulani. Wanawake wawili wenye kazi yao, wakiongea habari za kazi yao, walikuwa kitu kigeni.

Miaka mingi ilipita kabla mzaha ule haujageuzwa rula. Mwaka 2013 majumba kadhaa ya sinema nchini Sweden yakaanza kubandika alama ya A kwenye filamu zinazofaulu masharti matatu. Mwaka 2014 Walt Hickey wa FiveThirtyEight, tovuti ya habari za takwimu, akachukua filamu 1,615 zilizotoka kati ya 1990 na 2013, akakuta zilizofaulu ni takriban nusu. Akatazama na fedha. Zilizofaulu zilikuwa zimepewa bajeti ndogo, lakini kwa kila dola iliyowekwa hazikurudisha pungufu ya wenzake. Watayarishaji mlioko humu, hiyo nimeisema kwa ajili yenu.

Sasa sikilizeni jinsi rula hiyo inavyodanganya. Gravity, ya mwaka huohuo wa 2013, ina mwanamke mmoja angani anayepigania roho yake tangu mwanzo mpaka mwisho, na filamu nzima iko mabegani mwake. Inaanguka, kwa sababu hana mwanamke mwenzake wa kuongea naye. Filamu nyingine inaweza kuwa na matusi matupu kwa wanawake, wakapita wawili jikoni wakaulizana chumvi iko wapi, ikafaulu. Wenye kubeza hukimbilia hapo na kusema kipimo hakifai. Hapana. Pishi hupima mtama, haipimi utamu wa uji. Masharti matatu ya Bechdel hayakuwekwa yaamue filamu moja ni nzuri au mbaya. Yanaamua juu ya rundo. Nusu ya filamu 1,615 ikishindwa kupata dakika moja ya wanawake wawili wakiongea mambo yao, hapo pana tabia ya tasnia nzima, na huwezi kumlaumu mwandishi mmoja wala kumsamehe.

Turudi nyumbani, nataka tupitishe masharti hayohayo kwenye rafu yetu tuone.

Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Karama amesimamishwa mbele ya baraza, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Mfalme mwanamume, Waziri Majivuno mwanamume, mshitakiwa mwanamume, wajumbe wote sita wanaume. Rula ya Bechdel inakwama mlangoni. Tuseme basi Shaaban Robert hakuwaona wanawake? Mtu huyohuyo ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kizima juu ya mwanamke aliyetoka Fumba, akauza vyungu, akaimba, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kwenda kurekodi santuri. Anayempima mwandishi kwa kitabu kimoja atapata jibu la kitabu hicho tu.

Nenda nyuma zaidi, 1858, Mwana Kupona binti Mshamu. Ni mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima. Anamwita binti yake, Mwana Hashima, akae karibu na wino na karatasi apokee wasia. Wanawake wawili, wote tunawajua kwa majina, mmoja anamsemesha mwenzake mwanzo mpaka mwisho wa utenzi. Sharti la kwanza tiki, la pili tiki. La tatu je?

Mama pulika maneno
kiumbe ni radhi tano
ndipo apate usono
wa akhera na dunia.

Nda Mngu na Mtumewe
baba na mama wayuwe
na ya tano nda mumewe
mno imekaririwa.

Mume ni wa tano kwenye orodha, lakini anayepewa beti nyingi ni yeye: alale vipi, aamshwe vipi, aandaliwe nini, akitoka aagwe namna gani. Zipo pia beti za kumcha Mungu, za adabu, za kuwahurumia maskini, kwa hiyo mtu mbishi anaweza kuupasisha utenzi huu hata kwenye sharti la tatu. Sitagombana naye. Ninachotaka mwone ni kwamba ukihesabu maneno, utenzi huu ni wa mwanamke asilimia mia moja. Aliyeshika kalamu mwanamke, anayesikiliza mwanamke. Ukihesabu mada, mwanamume amejaa tele. Andiko ni lile moja, na vipimo viwili vinatoa majibu yanayopingana, vyote vikiwa vya haki. Ndiyo sababu nauliza: tuhesabu nini?

Kisa cha Fumo Liongo kinanipa jibu kwa upande wa pili. Liongo yuko gerezani, ana pingu. Mama yake humpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hula kile kizuri. Liongo anatuma ujumbe kwa fumbo la wimbo: mama apike mkate wa wishwa, katikati aweke tupa. Saada anaubeba ujumbe kichwani bila kuukosea, mama analifumbua fumbo, anapika, Saada anarudi na mkate mbele ya walinzi. Wanaona wishwa, wanacheka, wanaupitisha. Usiku tupa inakata chuma. Kwa sharti la tatu kisa hiki kimeanguka, maana mama na Saada wakiongea wanaongea habari za Liongo tu. Lakini jaribu kuwafuta wanawake hao wawili. Liongo yuko ndani mpaka leo.

Basi hicho ndicho ninachopenda kuhesabu kabla ya kitu kingine chochote: mwanamke huyu akitolewa, kisa kinasimama? Mwandishi wa komiki wa Marekani, Kelly Sue DeConnick, ana namna yake kali ya kuuliza swali hilo. Kama unaweza kumwondoa mhusika wa kike ukaweka taa mahali pake na hadithi ikaendelea vilevile, rudi mezani ukaandike upya. Kwenye miswada ninayosoma taa ni nyingi. Zimevaa vizuri, zina wigi na kucha, zinalia, zinachepukiwa, zinasamehe. Na wanawake hawakupungua hata kidogo! Tazameni majina ya tamthilia za Citizen TV ya Kenya: Maria, Zora, Sultana. Hapa kwetu nako bango bila uso wa kike haliuzi. Sisi tatizo letu si uchache wa wanawake, na ndiyo maana rula iliyotengenezwa kupima uchache inatupasisha kirahisi mno. Sebule zetu za filamu zimejaa shangazi, wifi, shoga na mama mkwe, na wote wanaongea. Tazama sasa nani anaamua.

Niwape ukurasa mmoja. Nimeutunga mwenyewe nisimwaibishe mtu, lakini mtautambua.

NDANI. SALUNI. MCHANA
Neema (24), mrembo, gauni jekundu la kubana, anasukwa na MSUSI.
MSUSI: Kwa hiyo amekupigia?
NEEMA: Tangu juzi kimya.
MSUSI: Wanaume ndio walivyo, shoga yangu.
Simu inaita. Neema anaitazama. Ni BARAKA (35), mhandisi.

Wangapi mmeandika ukurasa huu? Msione haya. Sasa tuuweke chini ya penseli. Baraka hayupo hata chumbani, lakini tumeshajua kazi yake. Neema yupo mbele ya macho yetu, na tumejua gauni. Mwaka 2016 mtayarishaji mmoja wa Marekani, Ross Putman, alianza kuzitoa hadharani sentensi zinazowatambulisha wanawake kwenye miswada iliyomfikia, akabadili majina yao yote kuwa Jane. Zikisomwa mfululizo zinachosha: Jane mrembo bila kujua kuwa ni mrembo, Jane mwenye miguu mirefu, Jane aliyekuwa mrembo enzi zake. Hakuongeza neno lake. Aliziweka tu kwenye mstari mmoja, na hiyo nayo ni njia ya kupima. Mkirudi nyumbani zikusanyeni sentensi za utambulisho kwenye miswada yenu, wanaume upande huu, wanawake upande ule.

Msusi sasa. Hana jina, ana kazi. Na ile saluni yenyewe, jamani, ni ya nani? Mwandishi amepita mlangoni mwa biashara ya mwanamke akaifanya kiti cha kusubiria simu. Mimi nimekaa saluni nyingi tu za mji huu. Ninayoyasikia huko ni mwenye fremu anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ni luku iliyokatika dryer ikiwa kichwani mwa mteja, ni kikoba ambacho mweka hazina wake hapokei simu. Na wanaume pia husemwa, tena kwa kirefu! Sisemi wasisemwe. Ila jaribu hivi: Msusi mpe jina, Zuhura. Mwenye fremu amempa mpaka Ijumaa. Neema ni katibu wa kikoba, ndiye mwenye funguo moja kati ya tatu za sanduku. Zuhura anasuka huku anatafuta maneno ya kumwomba afungue sanduku kabla ya siku ya mkutano. Simu ya Baraka ikiita sasa, Neema ana sababu ya kuipokea na ana sababu ya kuiacha. Mistari haijaongezeka.

Nimesema Msusi hana jina. Waliokuja baada ya Bechdel wengine huongeza sharti kwamba wanawake hao wawili wawe na majina. Ukilileta kwetu linataka akili kidogo, maana Mama Salma ni jina au si jina? Mtaani ni jina kamili, lina heshima yake, na mtu anaweza kuishi nalo miaka thelathini jirani asijue lile la kuzaliwa. Kulifuta kwa sababu kanuni ya Marekani haikulitegemea ni ujinga. Mimi naangalia jirani yake kwenye orodha ya wahusika. Kama mumewe ni Baba Salma, sawa, ndivyo mtaa unavyoita. Kama yeye ni Mama Salma na mumewe ni Mhandisi Kileo, hapo weka alama.

Wenye kompyuta nao wamejaribu, na kazi yao ni kubwa. Mwaka 2016 Hannah Anderson na Matt Daniels walihesabu mazungumzo kwenye miswada takriban 2,000 ya filamu, mhusika mmoja mmoja. Moja ya waliyoyakuta ni kwamba katika Mulan ya Disney, ambayo jina ni la msichana na vita ni vyake, lile joka dogo Mushu linaongea kwa nusu nzima zaidi ya Mulan. Mwaka huohuo wataalamu wawili wa isimu, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walipitia filamu za mabinti wa kifalme za Disney. Katika Sleeping Beauty ya 1959 wanawake wana asilimia 71 ya maneno. Katika The Little Mermaid ya 1989, iliyosifiwa kuwa ya kisasa, wanaume wana asilimia 68. Katika Aladdin ni 90. Mtu angedhani miaka ikienda wanawake wanazidi kusikika, kumbe katika miaka hiyo hesabu imekwenda kinyumenyume. Lakini hata hapo msikubali tarakimu bila kufungua sanduku: katika Sleeping Beauty binti mwenyewe amelala! Wanaoongea ni wachawi wema watatu na yule mchawi mbaya, nao ndio wanaopigana vita halisi ya kisa.

Kwenye riwaya wametangulia watafiti Ted Underwood, David Bamman na Sabrina Lee. Mwaka 2018 walitoa uchunguzi wa zaidi ya vitabu 100,000 vya hadithi za Kiingereza. Waandishi wanawake, waliokuwa karibu nusu katikati ya karne ya 19, walishuka mpaka kama robo katikati ya karne ya 20, wakati ambao kila mtu anaamini milango ilikuwa inafunguka. Na ndani ya vitabu vya wanaume, wahusika wa kike hawavuki sana theluthi ya nafasi yote. Kwenye vitabu vya wanawake ni kama nusu kwa nusu. Kwa hiyo aliyeshika kalamu ana uzito wake kwenye hesabu. Filamu ya Binti ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Seko Shamte, ina visa vya wanawake wanne. Sidhani ni bahati tu kwamba mwongozaji ni mwanamke.

Mashine ile ya riwaya iliweza kuhesabu kwa sababu Kiingereza, kwa he na she yake, kinatangaza jinsia ya mtu mara kwa mara. Kipe Kiswahili: "Alifungua mlango, akaketi, akamwambia hana fedha." Nani huyo? Mashine itakaa hapo mpaka kesho. Kwetu lazima msomaji wa nyama na damu aketi na penseli, kwa sababu ni yeye anayejua kwamba Tatu ni wa kike, kwamba Mwinyi ni wa kiume, na kwamba Hidaya huwa wa kike lakini aulize kwanza. Kazi ni ya polepole, ila hesabu inayopatikana ni ya mtu aliyesoma.

Kitu cha mwisho ninachoweka alama ni mwisho wa mhusika. Chukueni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, 1971, iliyopata kupigwa marufuku mashuleni. Nyumba ya Zakaria kule Namagondo, Ukerewe, imejaa wanawake: Regina mama, Rosa, na wadogo zake Flora, Honorata, Stella na Sperantia, mtoto wa kiume mmoja tu, Emanuel. Rosa anapigwa na baba yake kwa barua ya mvulana, anakwenda shule Mwanza, anakwenda chuo Morogoro, na kitabu kiko naye kila hatua. Mpe alama zote za Bechdel ukitaka, mpe na zangu, maana ukimtoa Rosa hakibaki kitu. Kisha tazama anavyoishia: anajiua. Mimi nakiona kitabu hiki kuwa kinamshitaki Zakaria na malezi ya fimbo kuliko kinavyomshitaki Rosa, na sitaki mtu anisikie nikisema Kezilahabi alikosea. Tatizo ni waliokuja nyuma yake. Ukipanga filamu zetu ishirini za msichana aliyetoka kijijini kuja mjini, andika pembeni mwisho wa kila mmoja: amekufa, ameambukizwa, amerukwa na akili, amerudi kijijini anaomba radhi. Andika na mwisho wa mwanamume aliyempotosha. Safu hizo mbili ukiziweka sambamba huhitaji profesa wa kukufafanulia.

Mtu ataniuliza, kwa hiyo unataka wanawake wote washinde, wawe mashujaa? La hasha. Someni Nguzo Mama ya Penina Muhando, 1982. Bi Moja mpaka Bi Nane wa kijiji cha Patata wanakutana kuisimamisha nguzo, Bi Msimulizi anatuhadithia, na nguzo haisimami. Kila mmoja ana lake linalomvuta, wanagombana, wanavunjana moyo wenyewe. Hawasifiwi hata kidogo. Lakini kazi ni yao, ugomvi ni wao, kushindwa ni kwao, na sababu za kushindwa unazielewa moja moja. Mwanamke anayeshindwa kwa uamuzi wake mwenyewe ana uzito kuliko malaika kumi wa kwenye bango. Au T-Junction ya Amil Shivji, 2017: Fatima aliyefiwa na baba anakutana hospitalini na Maria, na filamu inajengwa juu ya mmoja kumsimulia mwenzake habari za watu wa mtaani. Msichana anasimulia, msichana anasikiliza, anarudi tena kesho kusikiliza. Uhusiano huo ndio injini ya filamu, na haukuhitaji kofi wala kuvuliwa wigi.

Wapo pia wanaosema takwimu zinaua sanaa. Wengi wao nimewaona wakihesabu kurasa, dakika, waigizaji na lita za mafuta ya jenereta bila sanaa yao kufa.

Nimalizie na jambo la kufanya. Mwigizaji Geena Davis, aliyeanzisha taasisi ya utafiti wa mambo haya mwaka 2004, ana ushauri wa bei rahisi kwa waandishi: pitia muswada wako, badili majina ya baadhi ya wahusika yawe ya kike, basi, na pale ulipoandika umati unakusanyika, andika kwamba nusu yake ni wanawake, la sivyo anayewaita waigizaji wa ziada ataleta wanaume. Alien yenyewe, ile ya katuni, iliandikwa kwa maelezo kwamba wahusika wote wa chomboni wanaweza kuwa wa kike au wa kiume. Ndivyo Ripley, shujaa wa filamu hiyo, akaangukia kwa Sigourney Weaver. Sisi kwa lugha yetu hiyo tunaipata bure. Ukiandika "Daktari anaingia, anavua miwani, anamtazama mgonjwa," hujachagua bado. Dereva wa bodaboda hujamchagua, wala OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, wala fundi umeme, wala anayedai deni. Mnachagua pale mnapoandika jina, na wengi mnachagua bila kujua mmechagua.

Kwa hiyo toeni miswada. Tutafanya kurasa kumi za kwanza tu. Kila mmoja ampe jirani yake wake, maana mtu hawezi kujihesabia mwenyewe. Mhusika wa kike anapoamua jambo linalogeuza mwendo wa kisa, piga mstari chini. Anapoulizwa, anapoletewa habari au anapolia, duara. Wanaume vilevile, kwa rangi nyingine. Wale ambao jinsia yao haijatajwa waandikeni kwenye karatasi ya pembeni, hao tutawarudia baada ya chai.